Mjerumani wa Kenya Aliyetwaa Kikombe cha Safari Mara Mbili

Mtu aliyewahi kutoka Kabuchai kwenda Kitale kwa njia za udongo siku za Pasaka haihitaji kuelezwa taabu ya matope. Masika huwa yamekwisha kuanza, na gari likizama, watu hushuka kulisukuma. Basi na afikirie kwenda hivyo zaidi ya maili 3,000, usiku na mchana, huku saa yake ikihesabiwa. Ndivyo yalivyokuwa mashindano ya motokaa ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ambayo kwa miaka mingi yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika.

Miongoni mwa mastadi wa mashindano hayo ni Bwana Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya. Mwaka 1970, yeye na mwenzake Bwana Hans Schüller, aliyemsomea ramani, walishinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la Kijapani ambalo kwa umbo lilifanana na magari ya watu wa kawaida. Bwana Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na mshindi wa mwaka 1965, alikuwa wa pili.

Mwaka 1971 wawili hao walirudi na Datsun 240Z, gari la mbio la viti viwili, lenye injini ya silinda sita. Kiwanda mashuhuri cha Porsche cha Ujerumani kilileta magari yake ya 911. Lakini Mjerumani wa Kenya, akiendesha gari la Kijapani, ndiye aliyetwaa tena kikombe. Aliyemfuata alikuwa Bwana Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda Safari mara tano.

Huenda msomaji akauliza: wageni wenye magari ya fahari walishindwa na nini? Katika Safari kila gari lilipangiwa muda wa kutoka kituo hata kituo, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa hasara. Aliyekimbia mno akavunja gurudumu shimoni hakupata kitu. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu yalifika mwisho. Hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda hata mwaka 1972, alipofaulu Bwana Hannu Mikkola wa Finland katika Ford Escort.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Lakini katika Safari mwenda pole alishindwa na saa, na mwenda mbio alishindwa na shimo. Bwana Herrmann alijua wapi akimbie na wapi azuie mwendo. Elimu hiyo yamfaa pia dereva apakiaye abiria na magunia ya mahindi pale Chwele, kwani naye amebeba roho za watu, wala hapewi kikombe.