Je, Wajua? Kunguni wa Minazi Si Mbu wa Mikorosho

Mdudu asiyefika sentimita mbili huangusha vidaka vya mnazi kabla havijawa vitale. Ni kunguni wa minazi, mwenye rangi ya hudhurungi, aliyepewa jina la kisayansi *Pseudotheraptus wayi* mwaka 1955. Kati ya Diani na Msambweni minazi na mikorosho huota jirani, naye hufyonza miti yote miwili. Kwenye mkorosho kuna mfyonzaji mwingine, mbu wa mikorosho, na ni rahisi kuwachanganya. Tazama mgongo: mbu wa mikorosho ana kijiti kilichosimama wima mithili ya pini, kunguni wa minazi hana. Tazama na madhara: mbu hukausha machipukizi, kunguni huacha mabaka kwenye korosho changa.

Utasema wote ni waharibifu, basi wapuliziwe dawa. Lakini dawa haichagui. Humuua pia maji moto, chungu anayeshona majani kwa hariri ya mabuu wake, na ambaye humfukuza kunguni mnazini. Anayepuliza bila kutambua humuua mlinzi wake mwenyewe. Mkulima, tazama kwanza, ndipo upulize.