Jirani Zetu na Vita vya Shetani

Utotoni mwangu sikulisikia neno "mapepo" kwa wazee wetu. Wao walisema pepo, awe mmoja au wawe mia. Hili la "mapepo" limetufikia kwa vipaza sauti vya makanisa ya mahema, kule Magongo na Chaani, Bamburi na Likoni, na leo hata watoto wetu wa chuoni wanalitamka kana kwamba walizaliwa nalo. Usiku wa Ijumaa kuna mkesha. Pasta anakemea, waumini wanaitikia "toka!", na Mwislamu aliyelala nyumba ya pili anageuka kitandani akijiuliza ni nani huyo anayefukuzwa. Akisikia pepo lile likiitwa Maimuna, au Sharifu, usingizi unakwisha kabisa.

Swali hilo nimeulizwa barazani mara nyingi: je, vita hivi wanavyoviita vya kiroho tunapigwa sisi? Naliona ni swali la haki, na jibu lake halitapatikana kwa kukaa upande mmoja wa ukuta. Kwa hiyo niliwaendea wenyewe.

Wakristo wanapozungumza juu ya vita hivi hurejea kwanza Waraka wa Paulo kwa Waefeso, mlango wa 6. Paulo alikuwa mfungwa alipouandika, na silaha alizozitaja ni za askari wa Kirumi: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo na upanga. Ukizitazama vizuri, karibu zote ni za kujikinga. Upanga ndio pekee wa kushambulia, nao kwa maelezo yake ni neno la Mungu. Tena amesema waziwazi kwamba adui si binadamu wa damu na nyama. Yakobo naye ana waraka wake, na ndani yake ameweka mpango: mtu ajisalimishe kwa Mungu kwanza, ndipo ampinge Shetani. Kisa wanachokipenda zaidi ni cha Yesu, yaani Nabii Isa kwetu, alipokaa jangwani siku 40 akishawishiwa na Ibilisi. Mara zote tatu alijibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, wala hakupiga kelele.

Mwislamu hatayaona haya mageni. Sisi tunaanza kisomo kwa kujikinga kwa Mungu na Shetani aliyelaaniwa, na msahafu unafungwa kwa Suratun Nas, dua ya kukimbia wasiwasi wake. Hata maneno ni yale yale. Chukua Biblia ya Kiswahili ya 1952 uhesabu: shetani, ibilisi, malaika, dhambi, imani, toba, sala. Waliotafsiri hawakuyatoa Ulaya maneno hayo. Waliyakuta vinywani mwa watu wa pwani hii. Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kumzika mkewe Rosine mwaka huo huo upande huu wa bara, alijifunza lugha kwa watu waliosema "audhubillahi" kila wakijikwaa.

Tofauti basi iko wapi? Iko mahali padogo, lakini fundo lote limefungwa hapo. Kwa Mkristo, Ibilisi ni malaika aliyeasi, na pepo wote ni jeshi lake. Hakuna pepo mwema. Kwetu sisi Ibilisi ni katika majini walioumbwa kwa moto, na majini wana wema na waovu, waumini na makafiri; Sura ya 72 imeitwa kwa jina lao. Kwa hiyo mtu wa pwani akishikwa na jini huuliza ni nani, katoka wapi, ana dini gani, anataka nini. Wanavyuoni wetu hawakuupenda mchezo huo hata kidogo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka 1937 hadi alipofariki 1947, alianza kuwakemea watu wa Mombasa kwa mambo ya uzushi tangu magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, mwanzo wa miaka ya 1930. Lakini ngoma za kupunga pepo hazikwisha, na uvumba haukukosa wanunuzi.

Na pepo hao wana historia yao, ambayo wengi wetu tumeisahau. Miongoni mwa Wagiriama palikuwa na pepo waliokuwa Waislamu. Mtu akiugua, mganga akampiga ramli, jibu likatoka kwamba pepo hataki pombe, hataki nyamafu, anataka kanzu nyeupe na saumu ya Ramadhani. Mgonjwa akasilimu ili apone. Mtaalamu wa mila David Parkin aliishi na Wagiriama katika miaka ya 1960 na akayaandika mambo haya kwa urefu: watu waliingia Uislamu kwa mlango wa ugonjwa, na baadhi yao walipata pia njia ya heshima ya kuepa karamu za tembo zilizokuwa zikimaliza mali zao. (Mimi naona pepo hao walikuwa na akili ya biashara kuliko sisi.)

Sasa msomaji utazame ilivyokuwa baadaye. Mjukuu wa mtu yule amehamia Kisauni, kazi hana, mimba zinaharibika, usiku anakabwa. Jirani anampeleka hemani. Pasta anamwekea mkono kichwani na pepo anasema jina lake: ni lile lile lililomsilimisha bibi yake. Bibi alilipa kanzu, mjukuu anaambiwa alifukuze kwa jina la Yesu. Mama mmoja wa Kigiriama wa huku kwetu alinieleza kisa cha ukoo wake kwa namna hiyo hasa, bila haya wala chuki. Kwake ni ugonjwa mmoja na waganga wawili. Anayemsikia kwa mbali ndiye anayedhani Uislamu umetukanwa.

Wala Wakristo wote si wa mkesha. Frere Town, ambako watumwa walioachwa huru waliwekwa na wamishonari wa Kiingereza tangu 1875, ina Waanglikana wanaosali kwa utulivu, na Shetani kwao ni jambo la dhamiri. Watu wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937, walimpiga Shetani kwa kuungama dhambi zao hadharani: nimeiba, nimezini, nimemchukia ndugu yangu. Hiyo naiona ndiyo vita ngumu kuliko zote, maana adui aliyetajwa alikuwa moyoni mwa msemaji mwenyewe.

Hatari huja adui akihamishwa kutoka moyoni na kupewa uso wa mtu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, kuchunguza ibada za shetani nchini, na kwa miaka kadhaa ilikuwa mtu akitajirika ghafla anatazamwa vidole. Likoni tuliyaona mengine. Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, watu wa bara wakawindwa, na maelfu wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Ugomvi ule ulikuwa wa siasa na ardhi, lakini waliolala uwanjani mwa kanisa hawakuwa na nafasi ya kupambanua. Kisha Machi 23, 2014, Jumapili, watu wenye bunduki waliingia kanisa la Joy in Jesus huko huko Likoni wakaua waumini 6. Viongozi wetu wa Kiislamu walilaani. Baada ya siku kama ile, neno "vita" likitoka katika kipaza sauti halisikiki tena kama fumbo la Paulo.

Na wenyewe Wakristo limewala. Katika msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walihimizwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye alifikishwa mahakamani huku kwetu Mombasa na akayakana mashtaka, alikuwa amehubiri miaka mingi kwamba shule na hospitali ni mambo ya Shetani. Saumu tunayoijua sisi ina daku na ina futari. Ya Yesu jangwani nayo ilikuwa na siku yake ya mwisho.

Nilipomaliza kuuliza nilikaa na pasta mmoja kijana wa Changamwe, mtu wa kazi za bandarini mchana na mchungaji jioni. Nilimweleza habari ya majina: Maimuna wetu ni mama wa watu, na jina la Sharifu kwetu ni la heshima. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba kanisani kwake yuko dada aliyeolewa na kijana wa Kiislamu, na mama mkwe wake huja kumngoja nje ya hema ili warudi pamoja usiku. Kwa ajili ya mama huyo ameacha kuwauliza pepo majina. Anawaambia watoke tu, na kwa maelezo yake, wanatoka vile vile.