AFYA YETU: Kijana, Choo cha Jirani Yako ni Kazi Yako Pia

Tuchukue mfano wa kijiji chenye kaya 200. Kaya 199 zina vyoo na zinavitumia. Kaya moja tu haina. Hiyo ni ya bibi kizee anayeishi na wajukuu wawili wadogo. Bibi huyu hana nguvu za kuchimba shimo, wala hana fedha za kumlipa mchimbaji. Yeye na wajukuu wake huenda vichakani nyuma ya nyumba. Masika yanapofika, mvua huosha vichaka hivyo na maji huteremka mpaka kisimani. Kisima hicho ndicho kinachotumiwa na kijiji kizima.

Je, hizo kaya 199 zimejikinga? Hazijajikinga. Kila mmoja ametimiza wajibu wake nyumbani kwake, lakini ugonjwa unaweza kumfikia kwa njia ya ndoo ya maji. Afya ya kijiji haigawanyiki kwa uzio wa nyumba. Ndiyo sababu katika makala haya tunazungumza na vijana: wenye nguvu za kushika jembe, wanaojua kusoma na kuandika, na ambao wakikutana ishirini wanaweza kumaliza kwa siku mbili kazi iliyomshinda bibi huyo kwa miaka kumi.

Ugonjwa hupitaje?

Vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu hutoka katika kinyesi cha mtu na kuingia katika kinywa cha mtu mwingine. Njia zake ni nne: maji, mikono, nzi na chakula. Choo huzuia kinyesi kisifike kwenye njia hizo. Sabuni hufunga njia ya mikono. Kufunika chakula hufunga njia ya nzi. Kuchemsha maji au kuyatia dawa hufunga njia ya maji.

Kipindupindu ndicho kinachotisha zaidi kwa sababu kina haraka. Mtu akishameza vijidudu vyake, dalili huweza kuanza baada ya saa chache au mpaka siku tano. Mgonjwa huharisha maji meupe kama maji ya mchele, hutapika, na huweza kufa katika muda wa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Tena, watu wengi walioambukizwa hawaugui kabisa au huugua kidogo tu, lakini vijidudu viko katika kinyesi chao. Kwa hiyo mtu anayeonekana mzima kabisa anaweza kuchafua kisima bila kujua.

Nchini Tanzania kipindupindu kilianza kuripotiwa mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1977 kilienea sehemu nyingi. Mwezi Agosti 2015 kilizuka tena Dar es Salaam na kusambaa katika mikoa mingi. Ugonjwa huu haujatuaga. Hurudi kila unapokuta maji machafu na vyoo vilivyobomoka.

Tumewahi kufanya

Wazee wengi wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka nje kufanya kazi. Inakadiriwa kuwa watu milioni 2 walishiriki. Walijifunza juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na magonjwa mengine, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kusafisha visima.

Kampeni ile inatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wakielewa sababu ya ugonjwa, hawahitaji kusukumwa. La pili ni kwamba choo hakidumu milele. Shimo hujaa, mchwa hula miti, mvua hubomoa ukuta. Choo kilichochimbwa na babu hakimkingi mjukuu. Kila kizazi kina zamu yake, na sasa zamu ni yako, kijana.

Kazi nne mnazoweza kuanza nazo

Kwanza, hesabuni. Gawaneni vitongoji, vijana wawili wawili, mkiwa na daftari. Piteni kila kaya kwa adabu, baada ya kumwarifu mwenyekiti wa kitongoji. Andikeni: kaya ina choo au haina, kinatumika au kimebomoka, kina mahali pa kunawa mikono au hakina, na kama hakipo sababu ni nini. Msimkaripie mtu. Mwenye kuaibishwa huficha, na anayeficha hasaidiki. Mkimaliza mtajua ni nani hataki na ni nani hawezi. Hao ni watu wawili tofauti. Asiyetaka anahitaji kuelimishwa. Asiyeweza anahitaji majembe yenu.

Pili, chimbeni kwa wasiojiweza. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima kikiwa juu. Shimo lisifike kwenye maji. Mkianza kuona udongo uliolowa, simameni na kuomba ushauri wa Bwana Afya. Asiingie mtu shimoni peke yake bila mwenzake juu. Udongo wa mchanga huporomoka, hivyo kingo zijengewe kwa matofali au mawe. Msiingie kamwe katika shimo la choo cha zamani, kwa maana lina hewa inayoweza kuua. Tundu liwe na kifuniko ili nzi wasiingie. Kwa mzee au mlemavu, wekeni mti imara wa kushikilia, na kwa watoto tundu lisiwe kubwa la kuwatisha.

Kando ya choo tengenezeni kibuyu chirizi. Toboeni dumu dogo karibu na mdomo, litundikeni kwenye mti, fungeni kamba shingoni mwake na kijiti cha kukanyagia upande wa chini. Mtu hukanyaga kijiti, dumu huinama, maji huchirizika. Sabuni itobolewe na kufungwa kwa kamba hapo hapo. Kazi hii huchukua muda mfupi na gharama yake ni ndogo.

Tatu, lindeni kisima. Wekeni uzio ili ng'ombe na mbuzi wasikaribie. Chimbeni mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni. Kisima kiwe na ukingo ulioinuka na kifuniko. Iwepo ndoo moja tu ya kutekea yenye kamba yake, isiyowekwa chini, na kila mtu amimine kutoka ndoo hiyo katika chombo chake. Hata hivyo, kisima kilicholindwa si sababu ya kuacha kuchemsha maji. Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote kwa nguvu, angalau dakika moja, au yatiwe dawa kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti.

Nne, fundisheni kila nyumba namna ya kumnywesha mgonjwa anayeharisha. Hili tutalieleza peke yake, kwa sababu hapa ndipo maisha huokolewa au kupotea.

Maji, chumvi na sukari

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi wengi walivuka mpaka kuingia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon maji ya kutundikia mishipani yalikuwa machache na wauguzi hawakutosha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya maji, sukari na chumvi, akaelekeza wagonjwa wanyweshwe. Wanyweshaji walikuwa wazazi, ndugu na marafiki wa wagonjwa, wakitumia vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Katika wale walionyweshwa, vifo vilishuka hadi chini ya 4 katika kila 100.

Ndugu msomaji, wale hawakuwa madaktari. Walikuwa watu kama wewe, walioonyeshwa kazi moja na kuifanya kwa makini.

Kipimo ni hiki. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua pakiti ya dawa ya chumvichumvi, yaani ORS, na kuikoroga yote katika lita moja ya maji safi na salama. Kama hakuna pakiti, chukua lita moja ya maji hayo, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usikisie. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo kikombe hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Aliye mkubwa zaidi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole, kijiko kwa kijiko. Mchanganyiko ukikaa saa 24, mwaga utengeneze mwingine.

Mtoto anyonye kama kawaida na apewe chakula. Apelekwe zahanati apate pia vidonge vya zinki, ambavyo hutumika siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Msisubiri kabisa mkiona dalili hizi: macho yaliyobonyea, mtoto analia bila machozi, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, mgonjwa amelegea au hawezi kunywa, au kuna damu katika kinyesi. Vivyo hivyo mtu anayeharisha maji mengi mfululizo. Mpelekeni zahanati mara moja, na njiani endeleeni kumnywesha kama anaweza kumeza. Hapa ndipo kikundi cha vijana wenye baiskeli, pikipiki au machela kina thamani kubwa. Kipindupindu kikitibiwa mapema na vizuri, hufa chini ya mgonjwa mmoja katika kila 100.

Mipaka ya kujitolea

Kijana anayejitolea si daktari. Msichome sindano, msigawe vidonge vya kuua vijidudu, msimzuie mgonjwa nyumbani ili kujaribu dawa zenu. Anayegusa matapishi au kinyesi avae glavu na anawe kwa sabuni. Msitangaze ugonjwa wa mtu barazani. Aliyewakaribisha nyumbani kwake amewaamini.

Pia kazi igawanywe kwa haki. Mara nyingi wasichana huachiwa kuteka maji na kupika, na wavulana huongoza kikundi na kushika daftari. Wekeni uongozi wa wote wawili, na mikutano iwe saa ambayo wasichana wanaweza kuhudhuria na kurudi nyumbani salama.

Tena kujitolea kusiwe kisingizio cha wenye wajibu kukaa kitako. Nguvu ni zenu, lakini saruji, glavu na dawa ya maji ni haki yenu kuviomba katika mipango ya kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa, kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hahitaji kualikwa na mtu. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nendeni na daftari lenu. Mkisema, "Hali ya vyoo ni mbaya," mtaitikiwa na kusahauliwa. Mkisema, "Kaya 14 hazina vyoo, 6 kati yake ni za wazee, sisi tutachimba mashimo yote sita, tunaomba kijiji kitoe mifuko ya saruji," basi mkutano utalazimika kujibu. Na mkutano unaofuata ulizeni saruji imefika wapi, na usomewe mapato na matumizi.

Jihadharini na kujitolea kwa siku moja. Kufagia zahanati siku ya sherehe, wageni wakiwepo, si vibaya. Lakini kuhara hakungoji sherehe. Afadhali vijana wanane wanaokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuliko themanini wanaokutana mara moja kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kitongoji chetu ni kaya ngapi hazina choo? Zipi hazitaki, na zipi haziwezi?
2. Kutoka kisima chetu hadi choo kilicho karibu ni hatua ngapi? Kipi kiko juu ya mteremko?
3. Nani kati yetu anaweza kutengeneza maji ya chumvi na sukari sasa hivi, mbele ya wenzake, bila kukosea kipimo?
4. Mtu akizidiwa usiku, tutampelekaje zahanati? Nani ataitwa kwanza?
5. Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika lini mara ya mwisho? Tulikuwepo wangapi?

Sasa turudi kwa yule bibi. Hakuomba msaada kwa sababu aliona haya. Msimngoje aombe. Jumamosi hii chukueni majembe, sururu na ndoo, mpigeni hodi, mwamkieni, kisha mwulizeni angependa choo kikae wapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.