Mama Tembo: Jina la Heshima na Mapenzi katika Filamu ya Hatari!

Filamu ya Hatari! (1962), iliyoongozwa na Howard Hawks na kupigwa kwa sehemu kubwa Momella, chini ya Mlima Meru, hujulikana zaidi kwa ukamataji wa wanyama. Hata hivyo, kiini chake ni kisa cha kaya moja ambamo wanawake wawili wasio ndugu wa damu, Brandy na Dallas, wanapata wachumba. Makala haya yanafafanua jina analopewa Dallas, mpiga picha wa Kiitaliano: Mama Tembo.

Kimuundo, jina hilo lina fasiri mbili. Kwanza, tembo yaweza kuibainisha nomino mama, yaani tembo jike mzazi. Pili, yaweza kushika nafasi ya jina la mtoto, kama katika Mama Asha, ambapo kihusishi wa hakihitajiki. Muktadha unaunga mkono fasiri ya pili, kwani Dallas analea ndama wa tembo, kuanzia na mmoja aliyefiwa na mamaye.

Kwa desturi, jina la namna hii humstahi mwanamke aliyekwisha kuzaa, na ndoa hutarajiwa kutangulia. Hapa utaratibu umepinduliwa: Dallas anakuwa mama kabla ya kuwa mke. Brandy naye, aliyerithi kampuni ya marehemu babake, anasubiri wanaume waliomzoea kama mtoto watambue kuwa amekua.

Dallas anapotorokea Arusha mjini, ndama hao ndio wanaosaidia kumpata, na ndoa inafuata. Kwa hiyo jina si pambo la mandhari. Linamhesabu mgeni kuwa mtu wa nyumbani kabla Sean, mkuu wa wakamataji, hajakiri kumpenda.