Maji ya Moto Huchelewa Wapi?

Nyinyi mlio madarasani huko Kasulu na Kibondo, kaeni karibu na redio. Mwalimu naye ashike chaki, maana leo tutapiga hesabu kidogo ubaoni.

Somo letu ni hili: ukifungua koki ya maji ya moto, kwa nini maji baridi ndiyo hutangulia? Je, boila ni mbovu? Au moto hautoshi? Wengi hufikiri hivyo, nao huongeza kuni. Lakini kuni hizo haziyaondoi maji baridi yaliyo njiani. Basi hebu tuifuate njia hiyo, hatua kwa hatua.

BOILA INAVYOFANYA KAZI

Nchi yetu ya Buha ni nchi ya milima. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai zina baridi kali, na mzee au mtoto mchanga haogi maji baridi bila kutetemeka. Kwa sababu hiyo nyumba za wageni, mabweni, na nyumba nyingine za watu huwa na boila ya kuni. Boila ya namna hii ni pipa la chuma la lita 200, lililolazwa juu ya jiko la matofali nje ya nyumba. Mtambo huu haupo kwetu tu. Huko Namibia na Afrika Kusini watu huutumia sana, nao huuita kwa jina la punda.

Maji baridi hutoka katika tangi lililowekwa juu zaidi, yakaingia upande wa chini wa pipa. Moto huyapasha. Maji yakipata moto huwa mepesi kuliko yale ya baridi, kwa hiyo hupanda juu. Ndiyo maana bomba la kutolea maji ya moto hufungwa upande wa juu wa pipa. Kutoka hapo bomba hupita ukutani mpaka bafuni, na mwisho wake ni koki.

MAJI YALIYOLALA NJIANI

Sasa fikiri vizuri. Mtu wa kwanza ameoga akafunga koki. Je, bomba ni tupu? La. Bomba limejaa maji ya moto tangu kwenye pipa mpaka kwenye koki. Maji hayo yamesimama, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Moto hauko karibu nayo tena. Chuma cha bomba hunyonya joto lake na kulitoa hewani, na baada ya muda maji hayo yamepoa kabisa.

Mtu wa pili akija, maji hayo yaliyolala lazima yatoke kwanza. Maji ya moto hayawezi kuyaruka. Ni kama foleni ya watu katika njia nyembamba: aliye nyuma hapiti mpaka wa mbele aondoke. Hata hapo maji ya moto yanapoanza kufika, sehemu ya joto lake hupotea katika kulipasha bomba lenyewe.

TUPIGE HESABU

Bomba linaweza maji kiasi gani? Inategemea urefu wake na upana wa tundu lake. Mwalimu aandike ubaoni:

Tundu la milimita 15: karibu mita 6 za bomba huchukua lita 1.
Tundu la milimita 20: karibu mita 3 huchukua lita 1.
Tundu la milimita 25: karibu mita 2 huchukua lita 1.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Bomba lake lina tundu la milimita 20, na kutoka kwenye boila mpaka bafuni ni mita 15. Gawanya 15 kwa 3, utapata 5. Basi lita 5 za maji baridi zitatoka kabla ya maji ya moto. Ikiwa koki hutoa lita 3 kwa dakika, mtu atangoja dakika moja na zaidi ya nusu.

Nyumbani humo wamo watu sita. Kila mmoja huoga kwa saa yake, na bomba hupoa kila mara. Lita 5 mara 6 ni lita 30 kwa siku. Mara siku 7 ni lita 210 kwa juma. Hilo ni pipa zima na zaidi, limemwagwa bila ya kuoga mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapa haba na haba yamwaga kibaba.

Tena usisahau kuni. Maji yale yalipashwa moto, yakaja kupoa bomba­ni bure. Aliyetembea mbali kuchanja kuni na aliyepanda kilima na ndoo kichwani, wote wawili nguvu zao zimepotea.

DAWA YAKE

Dawa ya kwanza haina gharama. Ogeni kwa kufuatana, mmoja akitoka mwingine aingie. Hapo bomba halipati nafasi ya kupoa. Katika nyumba yetu ya mfano, lita 30 za kila siku zitashuka kuwa lita 5 tu.

Dawa ya pili ni ndoo. Kinga maji baridi yanayotangulia. Yatafaa kufulia, kupigia deki, au kunyweshea mboga. Usiyanywe bila kuyachemsha, maana maji yaliyopita katika boila si lazima yawe yamechemka.

Dawa ya tatu ni kuliveka bomba nguo. Ndiyo, nguo! Blanketi halina moto ndani yake, bali huzuia joto la mwili lisitoroke. Bomba nalo ni hivyo hivyo. Lifunge kwa majani makavu ya migomba au nyasi kavu, kisha juu yake zungushia gunia na karatasi ya nailoni ili mvua isiingie. Kitu kilicholowa hakizuii joto. Jihadhari: usifunge majani karibu na jiko, yatashika moto. Lakini jua kwamba nguo hiyo huchelewesha maji kupoa tu. Bomba likikaa usiku kucha, asubuhi litakuwa baridi.

Dawa ya nne ni ya yule anayeanza kujenga. Mwambie fundi aweke bafu na boila karibu, ukuta mmoja ukiwa kati yao. Badala ya mita 15 ziwe mita 3, nawe utangoja lita 1 tu. Boila yenyewe ibaki nje, kwa sababu moshi wa kuni ndani ya nyumba huweza kuua. Bomba jembamba nalo hupunguza maji yaliyolala. Lakini kama tangi lako haliko juu sana, maji yatatoka kwa unyonge. Mwulize fundi kwanza.

Katika hoteli kubwa za mijini hutumia njia nyingine. Huweka bomba la pili la kurudisha maji kwenye boila, na pampu huyazungusha. Mgeni akifungua koki, maji ya moto yapo. Lakini pampu hula umeme, na bomba hupoteza joto mchana na usiku. Na wale wenye hita ya umeme bafuni hawangoji kwa sababu moja tu: moto wao uko karibu na koki.

HATARI MBILI

Ya kwanza ni ya watoto. Maji hutoka baridi, baridi, baridi; halafu kwa ghafula huja maji makali. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumwunguza mtu mzima kwa muda wa sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi. Maji ya boila huweza kupita nyuzi hizo. Kwa hiyo usimweke mtoto chini ya koki huku ukingoja. Tia maji baridi katika beseni kwanza, kisha ongeza ya moto, ukoroge, upime kwa kiwiko cha mkono wako. Ndipo umweke mtoto.

Ya pili ni ya pipa. Maji yakipashwa hutanuka. Lita 200 za maji baridi zikikaribia kuchemka huongezeka kwa lita 7 hivi, na mvuke huhitaji nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo boila ina bomba la kupumulia, lililosimama wima kupita usawa wa tangi na kuachwa wazi. Mtu asilizibe kwa kudhani kwamba joto linapotea hapo, wala asilitie koki. Pipa lililozibwa hupasuka na kuua.

KAZI YA DARASA

1. Kwa nini kuongeza kuni hakuondoi maji baridi yaliyo katika bomba?
2. Bomba lina tundu la milimita 25 na urefu wa mita 12. Lita ngapi zitatoka kabla ya maji ya moto?
3. Nyumbani, au mahali penye boila, pimeni bomba kwa kamba, kisha kingeni maji kwa ndoo mpaka ya moto yatoke. Kama lita zinakaribiana na hesabu, boila ni nzima. Safari ndiyo ndefu. Kama ndoo mbili zinajaa na maji bado ni baridi, hapo ndipo mtazame moto na mabomba.

Andikeni majibu katika madaftari yenu, mwalimu atayasahihisha. Mkirudi nyumbani, msomeeni mmoja wa jamaa zenu sehemu ya hatari mbili, kwa sauti, hasa yule anayewaogesha watoto. Kwaherini.