Nyumba Inayolijua Jua

Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mambo hayo mawili yameipa hali ya hewa ambayo miji mingi ingeitamani. Mchana wa Februari, joto hufika nyuzi 27 hivi. Alfajiri ya Julai hushuka hadi 12 au chini kidogo. Kwa hali hiyo, nyumba ya kuishi iliyopangwa vizuri haihitaji kiyoyozi siku yoyote ya mwaka. Lakini pita Westlands au Upper Hill uone majengo yaliyovikwa vioo toka chini hadi juu, viyoyozi vikinguruma mgongoni. Kisha shuka Kangemi au Kawangware, ambako chumba cha mabati hutokota saa nane mchana na kuwa barafu saa kumi alfajiri. Mwenye nacho na asiye nacho wamejengewa kosa moja: aliyechora au aliyejenga hakuuliza jua linapita wapi.

Njia ya jua hapa inajulikana. Adhuhuri ya Machi na Septemba huwa karibu utosini. Mwishoni mwa Juni huegemea kaskazini, lakini kwa nyuzi 25 tu kutoka utosini. Mwishoni mwa Desemba huegemea kusini kwa nyuzi 22. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupigwa na jua lililo juu sana, na kulizuia ni rahisi. Upenu wa sentimita 60 hutupa kivuli cha takriban mita 1.3 adhuhuri ya Juni, nacho chatosha kulifunika dirisha la kawaida.

Mashariki na magharibi mambo hubadilika. Jua la asubuhi na la alasiri huwa chini, likapenya chini ya upenu hata uwe mpana vipi. Pande hizo zinahitaji vizuizi vya wima, mti, au vyumba visivyokaliwa sana kama ngazi, bafu na stoo. Ndiyo maana nyumba ndefu hapa hufaa kulazwa mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini. Ukuta mzima wa kioo unaotazama machweo ni kualika joto ndani, kisha kulilipia umeme ili litoke.

Kwa kuwa jua hupita juu, paa ndilo hubeba mzigo mkubwa kuliko ukuta wowote. Mabati matupu hurudisha sehemu ya mwanga, ila chuma kinachong'aa ni bahili wa kutoa joto kililokwisha kulipokea. Hupata moto, kisha huushusha kwa waliolala chini yake. Rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi zaidi na pia huachia joto upesi. Ukiongeza dari, ukaacha nafasi ya hewa kati yake na bati, na matundu ya kutolea hewa hiyo, chumba kinabadilika.

Usiku wa Julai, bati jembamba halina joto lolote lililowekwa akiba. Hapo familia huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huleta habari za watu waliolala wasiamke. Usanifu mbaya wa nyumba unaua. Kwa upande mwingine, ukuta mnene wa mawe, kama yale ya Ndarugo yanayotumika sana kujengea jijini, hupokea joto polepole mchana na kulirudisha polepole usiku. Ni kama benki: huweka joto linapozidi na kulitoa linapohitajika.

Mifano mikubwa tunayo. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011 hupitisha hewa kwa ukumbi wa katikati, ambako hewa yenye joto hupanda na kutokea juu huku ya nje ikiingia madirishani. Mapaa yake yalitandazwa paneli za sola za kilowati 515. Huko Lang'ata, maktaba na ukumbi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, vilivyosanifiwa na Musau Kimeu, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hutumia tabaka la mawe kupoza hewa kabla haijaingia ukumbini. Maji nayo yana nguvu ya kupoza: lita moja ikigeuka mvuke hunyakua joto linalokaribia theluthi mbili za yuniti moja ya umeme. Njia hiyo hufaa Nairobi kwa kuwa hewa yake ya mchana wa Februari ni kavu. Mombasa, yenye unyevu mwingi, isingefua dafu.

Kuna pia maji ya kuoga. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 45 hula karibu yuniti tatu za umeme. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni safi, ukitoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito na upepo, lakini jioni mahitaji yanapopanda, mitambo ya dizeli huwashwa. Tangi la sola juu ya paa hupunguza mzigo saa hizo hasa.

Kwa zaidi ya nusu karne Kenya ilijenga kwa kanuni za ujenzi za 1968, hadi zile za 2024 zilipochukua nafasi. Kanuni peke yake hazitoshi. Afisa wa kaunti anayepitisha ramani na aulize kivuli kitaangukia wapi saa tisa alasiri, Juni na Desemba. Mwenye ploti Kawangware na ahesabu dari na rangi nyeupe kuwa sehemu ya chumba anachokitoza kodi. Na anayejenga Lavington amwulize msanifu wake kaskazini iko wapi kabla ya kuuliza bei ya kioo. Kuigeuza nyumba kwenye karatasi ni kazi ya kifutio na penseli. Msingi ukishamwagwa, haigeuki tena, na watakaoishi humo watalipia mwelekeo wake kila mwezi.