Dola 10,000 Si Mwisho wa Chochote

Swali limerudi tena, na safari hii limeandikwa kwa herufi kubwa ili nisijifanye sikuliona: "MWISHO NI DOLA NGAPI?" Muulizaji ameshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, ameuza nyumba, anahama na mke na watoto wawili, na anataka kujua serikali ya huko inaruhusu mtu kuingia na kiasi gani mkononi. Swali hili nimelijibu kwenye simu, kwenye foleni ya benki, hata msibani. Jibu halijabadilika: hakuna mwisho. Marekani haina sheria inayomkataza mtu kuingia na fedha taslimu nyingi, wala kutoka nazo. Ukitaka kutua na dola 200,000 ndani ya begi la shule la mwanao, utakuwa umefanya jambo la kijinga, lakini hujavunja sheria mpaka pale utakaponyamaza.

Hiyo 10,000 inayotajwa kila kona ni kizingiti. Kizingiti cha mlango hakimzuii mgeni kuingia. Kinamtaka apige hodi. Ukiwa na zaidi ya dola 10,000 unajaza fomu iitwayo FinCEN 105: wewe ni nani, umebeba kiasi gani, fedha ni za nani, zinatoka wapi, zinakwenda wapi. Unamkabidhi ofisa forodha, unaendelea na safari. Siku hizi unaweza kuijaza kwenye intaneti kabla hata ya kupanda ndege. Haina ada. Haina ushuru. Narudia, maana hapa ndipo hofu ilipojificha: kutoa tamko la fedha hakukuletei kodi hata ya senti moja. Sisi tumezoea kwamba forodhani ni mahali pa kukatwa, kwa hiyo mtu akiona dirisha la forodha anaficha kwanza, maswali baadaye.

Sasa tuje kwenye dawa ya mtaani, ile inayouzwa bure kila penye mtu anayefunga mizigo: gawanyeni. Familia ya watu wanne ina dola 38,000. Baba anabeba 9,500, mama 9,500, binti 9,500, na kitinda mimba mwenye miaka 11 anafungiwa 9,500 kiunoni chini ya fulana. Kila mmoja yuko chini ya 10,000, basi hakuna aliyekosea. Hesabu hii inafundishwa na mawakala wa tiketi, na wajomba waliowahi kupita Houston, na wenzetu wa vikoba, na wote huifundisha kwa sauti ya mtu anayemhurumia mshamba.

Ni hesabu ya kosa la jinai. Forodha ya Marekani inasema waziwazi kwamba wanafamilia wanaosafiri pamoja hawawezi kugawana fedha ili wakwepe kutoa tamko. Hata ile fomu ya forodha ya abiria iliandaliwa ijazwe moja kwa kaya nzima, na kipengele cha fedha kimeandikwa kwa "mimi" na kwa "sisi". Uingereza nayo imelimaliza jambo hili kwa sentensi moja: familia au kundi likiwa na zaidi ya pauni 10,000 kwa jumla, tamko linatakiwa hata kama kila mmoja amebeba pungufu.

Tazama basi familia yetu imejifanyia nini. Kabla ya kugawanya walikuwa na fedha safi, mkataba wa mauziano ya nyumba na stakabadhi ya benki. Baada ya kugawanya wamebeba ushahidi kwamba sheria waliijua na wakatafuta njia ya kuizunguka. Ofisa hana haja ya kuthibitisha kwamba fedha ni za unga au za wizi. Anazipanga mezani tu, 9,500 mara nne, na kuuliza zimejigawaje zenyewe kwa usawa huo. Kisha anamuuliza mtoto wa miaka 11. Mtoto atasema ukweli, kwa kuwa ndivyo mlivyomlea.

"Lakini fedha ni zangu, na ni halali." Hii ndiyo sentensi inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeisema huamini imemaliza mjadala. Tarehe 9 Juni 1994, kwenye uwanja wa ndege wa Los Angeles, Hosep Bajakajian, mkewe na binti zao wawili walikuwa wanaondoka kwenda Cyprus. Mbwa wa forodha walinusa mabegi yaliyokabidhiwa, ndani mkakutwa dola 230,000. Ofisa akawaeleza kwamba inayozidi 10,000 lazima itolewe taarifa. Mume akajibu kwamba ana 8,000 na mkewe ana 7,000, basi. Walipopekuliwa mabegi ya mkononi na pochi, jumla ilifika dola 357,144.

Mahakama ilikubali kwamba zile fedha zilikuwa halali, zinapelekwa kulipa deni halali. Ilikubali pia kwamba mtu huyu aliyekulia Syria katika jamii ndogo ya Waarmenia alikuwa na mazoea ya kutoiamini serikali, jambo ambalo msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa. Serikali ilitaka kutaifisha zote. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1998, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakasema kuchukua fedha zote kwa kosa la kutotoa taarifa tu ni adhabu iliyopita kiasi. Akabaki amepoteza 15,000, na faini ya 5,000 juu yake, na miaka mitatu ya uangalizi wa mahakama. Alishinda kwa kura moja, baada ya miaka minne.

Wanaoisimulia kesi hii vijiweni huishia hapo, wakifurahi. Haikuishia hapo. Mwaka 2001, ndani ya sheria zilizopitishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, bunge la Marekani lilitunga kosa jipya la kusafirisha fedha taslimu kwa magendo. Ukificha zaidi ya dola 10,000 mwilini, begini au ndani ya gari kwa nia ya kukwepa tamko, kosa ni kule kuficha kwenyewe. Kifungo kinaweza kufika miaka mitano, na fedha zinataifishwa. Mwanya alioponea Bajakajian ukafinywa makusudi. Kwa hiyo zile soksi, yale makopo ya dagaa yaliyochomelewa upya, na ule mkanda wa kiunoni wa kitinda mimba, vina kifungu chao cha sheria.

Na dawa hii ya kugawanya haiishi uwanjani. Mtu akishapita, huenda benki ya kule na kuweka 9,000 leo, 9,000 Ijumaa, 9,000 wiki ijayo. Benki ya Marekani ikipokea zaidi ya dola 10,000 taslimu hupeleka taarifa serikalini yenyewe. Mteja anaonyesha kitambulisho, anajibu maswali mawili matatu, imekwisha. Anayevunjavunja fedha ili taarifa hiyo isipelekwe ndiye anayetenda kosa, hata kama kila senti aliitolea jasho. Dennis Hastert, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la nchi hiyohiyo, alizitoa fedha zake mwenyewe benki kwa mafungu yasiyofika 10,000. Alikuwa na siri chafu sana ya kuficha, ndiyo, lakini kosa alilokiri mahakamani lilikuwa la kuvunjavunja fedha, na mwaka 2016 alihukumiwa miezi 15 jela. Spika huyo. Wewe una kadi ya ukaazi ya mwezi mmoja.

Sasa uovu wa mwisho wa namba hii: inawapa watu usingizi wasioustahili. Msafiri mwenye 9,900 hujiona yuko salama kana kwamba amepewa kinga. Nchini Uingereza polisi na forodha wanaweza kushikilia fedha taslimu kuanzia pauni 1,000 wakizishuku kuwa ni za uhalifu. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2021, unaruhusu kushikilia hata zilizo chini ya kizingiti pakiwa na dalili za uhalifu. Kukaa chini ya namba kunakuondolea fomu tu; swali la "umezipata wapi" liko palepale, na bila karatasi utajibu kwa kigugumizi.

Isitoshe, namba yenyewe hubadilika ukivuka bahari. Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Ulaya ni yuro 10,000 au zaidi, kwa hiyo mwenye 10,000 kamili anatoa tamko. Kanada ni 10,000 za dola yao, ambazo ni pungufu ya zetu tunazozijua: mtu mwenye dola 9,000 za Kimarekani akitua Toronto keshavuka kizingiti huku akijipongeza. Falme za Kiarabu ni dirham 60,000, kama dola 16,300 hivi, na humo wanahesabu dhahabu na vito pia. Wale wanaoshauri "nunua dhahabu, dhahabu siyo fedha" wajue kwamba Ulaya sarafu za dhahabu na vipande vya dhahabu safi vimo ndani ya kanuni ileile.

Halafu kuna nusu ya safari ambayo hakuna anayeniuliza: kutoka nyumbani. Tanzania inataka tamko kuanzia dola 10,000 unapoondoka, Kenya vilevile. Mtu anajaza vizuri fomu ya Marekani, akiwa amenyamaza Dar. Naelewa kwa nini. Anaogopa kwamba taarifa ya begi lenye fedha itamtangulia nje, kwa mtu mwenye pikipiki. Hofu hiyo siibezi. Ndiyo maana nashauri omba kuhesabiwa faragha, na ndiyo maana ningependa usibebe kabisa.

Maana, kusema kweli, kwa nini unabeba? Fedha taslimu nyingi ugenini ni mzigo usio na soko. Mwenye nyumba wa Minneapolis hapokei bahasha. Ufaransa mkaazi haruhusiwi kumlipa mfanyabiashara zaidi ya yuro 1,000 taslimu.

Basi fanya hivi, na nitakwenda haraka kwa sababu si jambo gumu. Acha fedha katika akaunti yako ya dola hapa nyumbani, hakikisha huduma ya benki kwa simu au intaneti inafanya kazi ukiwa nje, na usiitupe laini yako, maana namba za siri zitatumwa huko. Jaza mapema karatasi za benki za kuhamisha fedha nje ukiwa bado unaweza kusaini mbele ya ofisa wako. Ukifika, fungua akaunti, jitumie mwenyewe kwa jina lako. Usitumie akaunti ya binamu, hata kama ni mcha Mungu. Fedha zikiingia kwake ni zake mpaka atakapoamua vingine. Hundi ya benki yenye jina lako inafaa pia, ila benki ya kule inaweza kuishikilia siku kadhaa. Kadi ya Visa au Mastercard ijaribu kabla ya kuondoka, na uiambie benki kwamba unasafiri. Mkononi beba za wiki mbili: chakula, usafiri, malazi, dharura. Kwa familia ya wanne, elfu mbili au tatu zinatosha. Zikae nawe, kamwe zisiende kwenye mzigo wa chini.

Shilingi usibebe, huko hazina mnunuzi. Dola zenye sura za zamani zinazokataliwa au kukatwa bei Kariakoo ni halali kabisa Marekani, kwa hiyo usimuuzie mtu kwa hasara, ondoka nazo. Pauni ni kinyume chake: noti za karatasi za 20 na 50 alizokuachia shangazi zilikoma kuwa fedha halali tarehe 30 Septemba 2022, na atakayezibadilisha ni Bank of England.

Kama bado umeng'ang'ania kubeba nyingi, beba na mkataba wa mauziano, stakabadhi ya kutolea benki na risiti ya duka la kubadilishia fedha, nakala mbili za kila kimoja, moja ibaki nyumbani kwa mtu anayepokea simu. Jumlisheni fedha za familia nzima, noti za kigeni zote zimo, andikeni namba moja. Kama mmeshagawana na mko kwenye foleni, zikusanyeni mkaseme kabla hamjaulizwa.

Na zikishachukuliwa, dai stakabadhi hapohapo. Barua itakuja kwenye anwani uliyoandika ikiwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, hivyo anwani iwe ya mtu anayefungua barua. Tafuta wakili wa kule anayeshughulika na forodha kabla tarehe haijapita, na usimtangulie kwa kuandika maelezo yako mwenyewe kwamba hukujua, hasa kama fedha zilitolewa kwenye soksi.